Deni la Mlango wa Pili

Watu wa uchochoro wetu huku Kibokoni ni watu wa kusamehe. Ukiwamwagia mlangoni maji ya kuoshea samaki watakwambia si neno. Paka wako akiingia jikoni kwao akaiba changu mzima, watakununia siku mbili kisha watakuletea sahani ya pilau. Lakini mtumie mtu deni la mwenzake kwa simu, katika kumi la mwisho la Ramadhani, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi, tende iko mkononi na tumbo halina kitu. Hapo utawajua vizuri.

Ami yangu ana duka. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono, huu wagusa sukari na huu wagusa sabuni. Kabla ya duka alikuwa karani bandarini Kilindini, akiandikisha mizigo kwa tapureta, na ukarani haujamtoka mpaka leo. Daftari lake la madeni limepigwa mistari kwa rula, wino mweusi wa deni, mwekundu wa malipo, na juu kabisa pameandikwa Bismillahi kwa hati ya Kiarabu. Wadaiwa hakuwapanga kwa alfabeti. Aliwapanga kwa milango: waanza mlango wetu, ulio ubavuni mwa duka, kisha waingia uchochoroni, mlango baada ya mlango, mpaka ule wa mwisho kabisa anaokaa Nahodha.

Ramadhani ile daftari lilijaa hadi kwenye jalada. Idi yaja, na tajiri wa jumla kule Marikiti kasema mzigo wa Idi hautoki bila ya pesa taslimu. Tabu ni kwamba Ami hawezi kudai. Ana haya. Mtu aliyebeba deni la elfu tatu akiingia dukani, Ami humuuliza hali ya watoto, humuuliza na ya mama mkwe, kisha humpa kashata ya bure.

"Kudai kwataka uso mkavu," akaniambia. "Wewe si wajua kompyuta? Basi ifanye inidaie. Yenyewe haina haya."

Kompyuta yenyewe ilikuwa nyuma ya magunia ya mchele, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na kazi yake ilikuwa kupiga kaswida. Ni ya Windows 7. Nikaichomeka modemu ya zamani yenye kadi ya simu, nikaiweka na Python, lugha ya kuandikia programu, nikamweleza Ami mpango: faili moja la maandishi lenye madeni, mstari mmoja kwa kila mlango, programu isome mstari na itume meseji.

"Na nambari za simu?"

"Humo humo, Ami. Deni, alama ya mkato, nambari."

Akakataa katakata. Nambari ya mtu ni amana, akasema, na deni la mtu ni siri, na amana na siri hazilali kitanda kimoja. Mwizi akiiba moja asifaidi nayo. Basi yakawa mafaili mawili, madeni.txt na nambari.txt, mstari wa saba wa hili uende na mstari wa saba wa lile. Nataka msomaji aukumbuke uamuzi huu ulikuwa wa nani.

Aliandika mwenyewe kwa Notepad, ile programu ya maandishi ya Windows, vidole vyote kumi, kifua mbele, kama yuko ofisini mwaka 1978. Alipomaliza kila mstari mkono wake wa kushoto ulinyanyuka wenyewe ukitafuta kile chuma cha tapureta cha kurudishia gari la karatasi. Nikamwambia hakupotea sana: Windows humalizia mstari kwa alama mbili zisizoonekana, nambari 13 na nambari 10, ya kwanza maana yake rudi mwanzo, ya pili maana yake sogeza karatasi, na zote mbili ni urithi wa mashine za zamani za kupelekea simu za maandishi. Python ukiisomesha faili hilo huzigeuza mbili hizo kuwa moja, inayoandikwa \n. Ami alifurahi sana. Siku nzima aliwaeleza wateja kwamba ndani ya kompyuta muna tapureta.

Nikamwonyesha jinsi inavyosoma. Wafungua faili, wazunguka nalo, na kila mzunguko wakupa mstari mmoja tu. Haubebi faili lote kwa mpigo kulijaza kwenye kumbukumbu. Hata faili la gigabaiti kumi lingepita kwenye mashine hii kongwe.

"Gigabaiti kumi ni madeni mangapi?"

"Mombasa nzima, Ami. Na Lamu, na Malindi."

"Inshallah," akasema.

Lakini kwanza Bismillahi ilitutesa. Ami hawezi kuanza faili bila ya Bismillahi, na hawezi kuiandika isipokuwa kwa hati yake. Notepad ikamtaka achague kanuni ya herufi za lugha zote, akahifadhi kwa UTF-8. Python, kwa mazoea ya Windows ile, ikasoma kwa kanuni nyingine, na kwenye kioo pakatokea hivi: ï»¿Ø¨Ø³Ù…

Ami alivaa miwani. Akaivua, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena.

"Umeifanya nini Bismillahi yangu?"

Nikamweleza kwamba UTF-8 huiandika kila herufi ya Kiarabu kwa baiti mbili, na Python imeisoma kila baiti kama herufi ya kizungu yenye mapembe, tena Notepad ya Windows 7 huweka baiti tatu za siri mwanzoni mwa faili, ndizo zile tatu za kwanza, na kwamba dawa ya yote mawili ni kuiambia Python ilifungue faili kwa kanuni iitwayo utf-8-sig. Hakunisikiliza. Alikuwa ananong'ona istighfari. Nilipoirekebisha na hati yake ikarudi ilivyokuwa, alinitazama kwa jicho la mtu aliyerudishiwa mtoto aliyepotea sokoni, ana furaha lakini atataka kujua nani alimwachilia mkono. Mstari ule nikaupa amri ya kurukwa katika mafaili yote mawili, madeni yakaanzia wa pili.

Pili, meseji. Ami alitaka kila mtu aanze kwa kusalimiwa kwa jina lake, salamu kamili, kwa Kiarabu. Meseji moja ya simu hubeba herufi 160. Ukitia hata herufi moja ya Kiarabu, yote hushuka kuwa herufi 70, na zaidi ya hapo inakatwa vipande na kila kipande chalipiwa. Neno "chalipiwa" ndilo lililomshinda Ami. Akakubali salamu kwa herufi za kawaida, lakini dua hakupunguza hata moja, basi ikabidi kitu kingine kitoke. Kikatoka jina. Kila meseji ikawa hivi:

"A. aleykum. Ramadhan karim, Allah atutakabalie funga zetu atufikishe Idi kwa salama. Duka lakukumbusha kwa heshima:" kisha bidhaa, kisha jumla.

Yaani meseji haikusema ni ya nani. Ilisema tu unadaiwa.

Na tatu, herufi w. Nilikuwa nataka programu iweze kuongeza deni jipya mwishoni mwa faili, nikalifungua kwa "w". Kwa Python, "w" hailifungui faili ili uandike. Hulisafisha kwanza, papo hapo, kabla hujaandika hata nukta. Ya kuongeza ni "a". Kazi ya Ami ya tangu alasiri ikawa faili la baiti sifuri.

"Iko wapi kazi yangu?"

"Limefunguliwa kwa kuandikwa, Ami."

"Na lilikuwa limeshaandikwa!"

Akapiga marufuku. Tangu saa ile mafaili ni yake, kuandika ataandika yeye, na mimi ni wa kusoma tu, "r" na mwisho wangu uwe hapo. Akayaandika upya yote mawili, amenipa mgongo.

Tukajaribu milango mitatu ya mwanzo: mama, bibi na shangazi. Simu ya mama ikalia jikoni, sukari na royco na tambi, sawasawa. Bibi akapiga kelele dirishani kwamba deni lake la tumbaku ya kutafuna halikuwa la kuandikwa kwa simu, lakini hesabu ni hiyo hiyo. Shangazi sawa. Ami akatoka nje akasimama barazani, mbele ya muuza kahawa na watu wake wote, akatangaza:

"Tangu leo daftari limestaafu. Neno la kompyuta ndilo neno."

Nataka hili pia likumbukwe lilisemwa na nani.

Kitu nisichokijua ni hiki. Fundi Saa, wa mlango wa nne, Allah amrehemu, alikuwa amefariki mwisho wa Shaabani. Usiku baada ya lile jaribio letu Ami alikaa peke yake na kompyuta akamsamehe. Katika madeni.txt akaufuta mstari wa Fundi Saa mpaka na alama yake ya mwisho, wa chini ukapanda juu, kwa sababu deni lililosamehewa halifai kubaki hata kivuli. Katika nambari.txt akaifuta nambari, lakini mstari akauacha. Mtupu. Baadaye nilipomuuliza alinijibu kana kwamba mimi ndiye mwenye wazimu: "Nimsogeze Maalim akakae mlangoni pa maiti, hata arubaini haijafika?"

Sasa, binadamu akiuona mstari mtupu huuruka. Python hairuki. Kwake mstari mtupu si mtupu, una \n yake ndani, ni mstari kamili wenye heshima zake. Kitakachorudi kitupu kabisa ni mwisho wa faili peke yake. Na moyo wa programu yangu ulikuwa huu:

for deni, simu in zip(madeni, nambari):
    tuma(simu.strip(), deni.strip())

Hiyo zip hushika mstari mmoja huku na mmoja kule, ikawaozesha. Haiulizi ukoo. Faili moja likiisha kabla ya jingine, nayo hunyamaza, hufunga kazi, huondoka. Mwaka 2021 ilitoka Python 3.10, na humo zip waweza kuiambia strict=True, ikapiga ukelele urefu ukitofautiana. Lakini Python ya mwisho kukaa katika Windows 7 ni 3.8. Kwa hiyo mwenye lawama akaanzie kwenye umri wa kompyuta.

Nikaianzisha baada ya alasiri. Modemu ikawaka kijani, ikazima, ikawaka. Moja tu ilirudisha ERROR, nikasema ni mtandao wa jioni, watu wote wapiga simu kuulizana futari. Ya mwisho ikatoka muadhini anakohoa kwenye kipaza sauti. Nikafuturu kwa raha zangu.

Baada ya tarawehe wa kwanza kufika dukani alikuwa Bi Mahamri wa mlango wa tisa. Mama huyu huchukua kwa mkopo unga, mafuta, sukari na iliki za biashara yake yote, na deni lake lilikuwa sh 6,300. Alikuja anatabasamu, ngumi imefumbwa, akaimwaga kwenye kaunta. Zilikuwa sarafu na noti moja kuukuu.

"Kaka, mia na ishirini hizo. Allah akuzidishie. Watu kama wewe hawapo tena."

Ami akazitazama zile sarafu. "Bi Mahamri, mbona—"

"Meseji yako hii. Soda moja, biskuti mbili, kadi ya simu ya hamsini. Mia na ishirini. Nipigie wino mwekundu niende zangu nikalale."

Kabla Ami hajafumba mdomo akaingia Maalim wa madrasa, mlango wa tano. Simu ameishika kwa vidole viwili, mbali na kanzu. Akaiweka kaunta, akaisukuma kwa ukucha.

"Soma."

Ami akasoma. Sigara 24, kiberiti 2. Sh 520.

"Mke wangu ndiye aliyeifungua," akasema Maalim. "Mbele ya wanafunzi. Tumekaa twafuturu."

"Maalim, ni makosa ya—"

"Na kiberiti?"

Kiberiti ndicho kilichomuuma. Sigara mtu angesema mashine imekosea neno. Kiberiti ni ushahidi.

Nyuma yake uchochoro ulikuwa umeanza kujaa. Fundi cherehani wa mlango wa sita hakuja, aliletwa. Mkewe alikuwa mbele na simu yake juu, yeye nyuma anafuata kwa hatua fupi za mtu asiye na la kusema. Watoto wao ni wakubwa, kitinda mimba yuko kidato cha nne.

"Nepi," akasema mke, na akasimama kidogo ili baraza lote lisikie. "Nepi pakiti tatu. Saizi ndogo kabisa. Na uji wa mtoto. Sasa Ami mwenye duka, mimi sina ugomvi nawe, mimi nataka kujua tu. Huyu mtoto ana kilo ngapi? Na mamake akaa wapi?"

"Wallahi simjui," akasema Fundi.

"Humjui mtoto au humjui mama?"

Muuza kahawa akaiweka dele yake chini. Katika maisha yangu yote sijamwona akiiweka chini wakati wateja wapo.

Mzee wa mlango wa nane akaja na mkongojo, anatetemeka. Mzee huyu huishi kwa kidogo, hununua nusu kilo, hununua robo, na alikuwa ametumiwa sh 6,300. Alikuwa anauliza kila anayempita, unga magunia mawili ameuweka wapi, nyumba yake ni chumba kimoja na roshani. Kijana wa tuktuk wa mlango wa kumi alipata udi na ubani wa sh 2,050 na alilipa pale pale bila kuuliza neno, kwa nini hasa sijui mpaka leo, na sijamuuliza. Waliobaki sitawataja mmoja mmoja. Niseme tu kwamba kila mmoja, ili kuonyesha hana hatia, aliisoma meseji yake kwa sauti kubwa. Na kila iliposomwa, mahali fulani katika umati palikuwa na mtu aliyeinamisha kichwa ghafla akatazama viatu vyake.

Ami akapanda juu ya kreti la soda. "Jamani, ni rahisi. Kila mtu ataje lake la kweli, tubadilishane."

Kimya. Nani atainua mkono kwa sigara, na Ramadhani, na mkewe yupo?

Aliyefungua fumbo ni mama wa mtoto mchanga wa mlango wa saba. Alikuwa amesimama pembeni, mtoto amelala begani, simu mkono wa pili. Akasoma taratibu: "Rangi nyeusi ya nywele, pakiti nne. Wembe mmoja." Akafikiri. Akanyanyua macho, na macho yakatua kwa jirani yake wa mlango wa nane.

Yule mzee, taa ya duka ilikuwa inammulika kutoka juu. Ndevu zake zilikuwa nyeusi ti, nyeusi kuliko za mwanawe. Alikuwa anatafutiwa mchumba huko Kisauni na sifa yake ya kwanza kwa washenga ilikuwa kwamba hajatoka mvi hata moja. Lakini rangi ilikuwa ya wiki iliyopita, na chini kabisa, pale unywele unapotoka kwenye ngozi, palikuwa na uzi mwembamba mweupe, kama amelamba maziwa.

"Babu," akasema yule mama, kwa adabu kabisa, "wewe umepata unga."

"Unga, mwanangu. Magunia mawili!"

"Na mimi nimepata..." Akasita. "Na nepi ni zangu mimi. Kapata Fundi, mlango wa sita. Mimi wa saba nimepata..." Akasita tena, maana ana huruma. "Ami, kila mtu kapata ya mlango wa pili."

Nilishawahi kuona watu wengi wakihesabu kwa pamoja, lakini si kwa kimya namna ile. Midomo ikicheza, vidole vikigusana. Kisha shingo zikaanza kugeuka, zote upande mmoja, kila mtu amtazama jirani yake wa upande wa ndani. Mzee akaziba ndevu kwa mkono. Bi Mahamri akazirudia sarafu zake kwa macho, kisha akamtazama kijana wa tuktuk. Mke wa Fundi akapumua, akamgeukia mumewe kwa mara ya kwanza na uso wa mapenzi, "Kumbe nepi si zako, mume wangu." Halafu nikamwona anahesabu kurudi nyuma. Sita. Tano. Maalim. Simu ya Maalim bado iko kaunta, inawaka.

"Sigara?" akasema. "Si uliniapia Rajabu?"

Fundi alitamani nepi zirudi.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya magunia ya mchele nikifungua nambari.txt. Nikauona. Mstari wa kwanza Bismillahi, kisha nambari tatu zimesimama safi, kisha nafasi, kisha safu yote inaendelea chini.

"Ami, hapa mbona pametupu?"

"Hapo ni pa Fundi Saa."

"Allah amrehemu," watu wote wakasema kwa pamoja, na kwa muda mfupi hakuna aliyekuwa na hasira na mtu. Nilidhani tumepona.

"Na deni lake?" akauliza Maalim.

Ami akababaika. Hakutaka lijulikane. "Nimelifuta."

Bi Mahamri akaweka mikono kiunoni. "Ati kumbe hufutwa?"

"La maiti, Bi Mahamri! La maiti!"

"Kwa hivyo mtu mpaka afe?"

"Mpaka afe!"

Watu wakaangua kicheko, hata Maalim. Alicheka kidogo kuliko wengine, nami nikajua kwa nini. Deni lake yeye lilikuwa limeozeshwa na mstari mtupu wa marehemu. Ndiyo ile ERROR niliyosema ni mtandao. Katika uchochoro mzima ni yeye peke yake ambaye siri yake haikusomwa na mtu, na aliichukua simu yake kaunta haraka kidogo kabla hajatokea wa kuuliza. Mimi nimeiona. Siitaji. Niseme tu kwamba halua ya nusu kilo kila jioni si dhambi.

Kazi ikabaki kwa Bi Mahamri, aliyekataa kubadilishana. Mia na ishirini amedaiwa, mia na ishirini amelipa, na mashahidi ni baraza zima. Ami akalitoa daftari chini ya kaunta, akafungua ukurasa wake, akamwonyesha kwa kidole mistari myeusi, mmoja chini ya mmoja, iliki, mafuta, unga, unga, unga.

"Daftari si limestaafu?" akasema Bi Mahamri. "Si ulisema hapo hapo ulipo, neno la kompyuta ndilo neno? Au kompyuta sasa imeona haya?"

Muuza kahawa akathibitisha kwamba ndivyo ilivyosemwa. Kijana wa tuktuk akathibitisha. Ami akanitazama mimi. Nikaangalia mchele.

Wakiwa bado wanavutana, umati ukapasuka njia na Nahodha akaingia. Ndiye wa mlango wa mwisho kabisa. Mzee mrefu, kofia ya vito, fimbo ya mti wa mkoma, aliyewahi kwenda na jahazi mpaka Maskati na hatakuacha usahau. Katika daftari lile ukurasa wa Nahodha ulikuwa umejaa pande zote mbili ukamwagikia kwenye jalada: sh 11,400, za tangu Mfungo Sita. Na kwa vile mafaili yalitofautiana kwa mstari mmoja, na zip ikafunga kazi faili fupi lilipokwisha, nambari ya Nahodha ndiyo iliyobaki bila mwenzake.

Akaisalimu hadhara. Akasikiliza kisa chote, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akatoa simu yake mfukoni, ile ya vitufe, akaiinua juu ili wote waione.

"Mimi iko wazi tangu alfajiri. Sikupata kitu." Akawazungushia macho majirani, mmoja mmoja, mlango kwa mlango. "Uchochoro mzima mumedaiwa. Mimi kitu sikupata."

Ami akafungua mdomo. Midomo ikacheza bila sauti. Mbele yake simba mzee kasimama, wateja wote wamsikiliza, na haya zake zile zile za siku zote zikampanda mpaka masikioni.

"Watoto hawajambo, Nahodha?" akauliza.

"Alhamdulillahi. Nipe sukari kilo mbili, na tambi za Idi, na mafuta ile chupa kubwa. Pesa baadaye." Akageukia nyuma ya magunia ya mchele, akaninyooshea fimbo. "Na wewe kijana, uniandike kwenye kompyuta. Hilo daftari la ami yako halina insafu."